Shamba la mpunga lililokaa rehani tangu 1997: uchambuzi wa kisa cha mali ya ukoo huko Minangkabau

Kisa hiki ni cha mfano. Kinahusu majaruba mawili ya mpunga kwenye miteremko ya mlima Marapi, wilaya ya Agam, mkoa wa Sumatra Magharibi nchini Indonesia, nyumbani kwa watu wa kabila la Minangkabau. Familia inayozungumziwa imeundwa ili asitajwe mtu yeyote, lakini migogoro ya aina yake huwafikia wazee wa mila wa mkoa huo mara kwa mara, na mila na sheria zinazotumika humu, pamoja na bei za miaka inayotajwa, ni za kweli.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 bibi mmoja, aliyekuwa mkubwa wa nyumba, aliweka rehani majaruba mawili ya ukoo wake kwa jirani wa ukoo mwingine. Paa la rumah gadang, ile nyumba kubwa ya ukoo ambayo ncha za paa lake hupinda kwenda juu kama pembe za nyati, lilikuwa linavuja kiasi kwamba vyumba viwili havikulalika wakati wa mvua. Alipokea dhahabu ya mas 20, na kwa kipimo cha maeneo mengi ya Minangkabau mas moja ni gramu 2.5, kwa hiyo deni lilikuwa gramu 50. Haikutajwa riba wala tarehe ya mwisho. Jirani angelima na kuvuna mpaka siku dhahabu itakaporudishwa, na siku hiyo shamba lingerudi kwa wenyewe.

Bibi alifariki bila kulikomboa, akaacha watoto wanne. Binti mkubwa naye amekwisha kufariki, akiacha mwana wa kiume na wa kike. Binti wa pili ndiye anayekaa katika nyumba kubwa. Wa tatu alimfuata mumewe Pekanbaru, na mabinti zake wawili wametawanyika, mmoja yuko Batam na mwingine ameolewa Seremban, Malaysia. Mtoto wa nne ni mwanamume, mwalimu mstaafu, ambaye kwa kuwa ndiye mkubwa wa wanaume wa ukoo huo anatambuliwa kuwa msimamizi wa mali yake. Kwa wale wote waliozaliwa na dada zake, yeye ni Mjomba, na katika jamii hii neno la mjomba lina uzito ambao neno la baba halina linapokuja suala la ardhi.

Mgogoro ulianza wakati wa sikukuu ya Idi ya Aprili 2024. Mwana wa marehemu binti mkubwa, mfanyabiashara wa nguo katika soko la Tanah Abang jijini Jakarta, alirudi kijijini pamoja na mke wake Mjava na watoto wao wawili. Usiku mmoja familia ilipokaa mkekani, karatasi ya 1997 ilitolewa kwenye kopo la biskuti, imekunjwa mara nne, alama ya dole gumba la bibi ikiwa imefifia kuwa ya zambarau na kona moja ikiwa imeliwa na unyevu. Yule kijana, ambaye sasa ana miaka zaidi ya 40, akasema: “Mjomba, fedha ninazo. Nipeni ruhusa nilikomboe, kisha tulipeleke kwa wapimaji lipate hati.” Mama yake mdogo, anayekaa katika nyumba ile, aliifurahia sentensi ya kwanza na kuinyamazia ya pili. Mjomba akasema jambo hili haliamuliwi usiku mmoja, na kijana akarudi Jakarta akiwa na fedha zake.

Ili kuelewa kwa nini pendekezo jema namna hiyo lilipokewa kwa tahadhari, ni lazima kwanza ijulikane shamba hili ni la nani. Miongoni mwa Waminangkabau, ambao sensa ya 2010 iliwahesabu kuwa takriban milioni 6.5, ardhi iliyorithiwa kwa vizazi hushuka kukeni: kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa mabinti. Mali hiyo haigawanywi. Mwanamke hupewa jaruba la kulima na kula, naye hulishika maisha yake yote, lakini anachokishika ni matumizi tu. Umiliki ni wa wote waliotoka tumbo moja, wakiwemo ambao hawajazaliwa. Wanaume wa ukoo ni wenye mali pia, na mkubwa wao ndiye mlinzi wake, ila watoto wao hawamo, kwa sababu watoto ni wa ukoo wa mama yao. Mbali na mali hiyo ipo ile ambayo mtu ameichuma mwenyewe kwa jasho lake, na hii hupita kwa watoto wake kama kawaida ya Waislamu.

Mali ya ukoo haiuzwi. Hata kuiweka rehani kunaruhusiwa kwa sababu nne tu ambazo kila mtoto wa Kiminangkabau huzisikia zikitajwa: kuna maiti ndani ya nyumba na hakuna cha kumzikia, kuna binti aliyekomaa na hakuna cha kumwozea, nyumba kubwa inavuja, au cheo cha ukoo kimelala na kinahitaji kusimamishwa upya. Rehani ya bibi inaingia moja kwa moja katika sababu ya tatu, na Mjomba mwenyewe alikuwa shahidi wake. Kwa hiyo uhalali wa rehani hauna ubishi, na familia haikupoteza muda hapo.

Msomaji Mwislamu atauliza mara moja: je, mirathi ya Kiislamu iko wapi? Waminangkabau wenyewe walilibishania swali hili kwa ukali. Sheikh Ahmad Khatib (1860–1916), Mminangkabau aliyefikia kuwa imamu wa madhehebu ya Shafii katika Msikiti Mtakatifu wa Makka, aliupinga utaratibu huu waziwazi, akaiona mali inayorithiwa na wapwa kuwa ni haki iliyoporwa kwa watoto. Mwanafunzi wake, Haji Abdul Karim Amrullah (1879–1945), alishika njia nyingine: mali iliyorithiwa kwa vizazi bila kumilikiwa na mtu mmoja inafanana na wakfu, na kitu ambacho marehemu hakukimiliki hakiwezi kuingia katika mirathi yake. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyoshinda. Mkutano wa wanazuoni, wazee wa mila na wasomi uliofanyika Bukittinggi mwaka 1952 uliafiki kwamba mali ya kale ya ukoo ifuate mila na mali ya kuchuma igawanywe kwa mafungu ya Kiislamu, na semina ya sheria za mila iliyofanyika Padang mwaka 1968 ikafuata mkondo huohuo. Kwa wasomaji wa mwambao wetu jambo hili halipaswi kuonekana la ajabu sana. Katika kisiwa cha Ngazidja, Komoro, Waislamu wa Kishafii wana mali ya manyahuli, nyumba na ardhi zinazopita kwa wanawake wa tumbo moja, na hoja za kuitetea na kuipinga zinakaribiana mno na hizi za Sumatra.

Linalofuata ni safari. Ingekuwa kosa kuitenga na suala la mali, kwa maana katika jamii hii mambo haya mawili yalijengwa pamoja. Zamani mvulana akishafikia umri fulani hakulala tena katika nyumba kubwa, kwa sababu vyumba vyake ni vya mabinti na waume zao. Alilala katika surau, chuo cha Kurani cha kijiji. Akioa, aliingia nyumbani kwa mkewe kama mgeni mwenye heshima. Mahali pake pa kujitafutia jina palikuwa ugenini, na mila yenyewe ilimhimiza kijana aende kwa kuwa nyumbani hakuwa bado na faida. Wapo waliokwenda mbali sana, kama Mohammad Hatta, mzaliwa wa Bukittinggi aliyefikia kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Indonesia, lakini walio wengi walikwenda sokoni: wakafungua migahawa ya chakula cha Padang katika kila mji wa nchi hiyo na kuuza nguo katika masoko kama Tanah Abang. Kwa kuondoka kwao hawakudai kipande cha shamba, na kwa sababu hawakudai, shamba halikukatwa. Ni maoni yangu kwamba mali ya ukoo wa kukeni imedumu Minangkabau si kwa sababu tu wanawake waliishika, bali pia kwa sababu wanaume walikuwa na pa kwenda.

Lakini msafiri hurudi, na hurudi na fedha. Kabla ya Idi watu wa kijiji kimoja walioko Jakarta hukodi mabasi, huvuka mlango wa bahari wa Sunda kwa kivuko kutoka Merak hadi Bakauheni, kisha hupanda kusini yote ya Sumatra hadi nyumbani, safari ya zaidi ya siku nzima. Wanachangia misikiti, barabara na paa za nyumba kubwa. Mtu anayechangia msikiti hadai msikiti uandikwe kwa jina lake, na hapo hakuna tatizo. Anayekomboa shamba yumo katika hali tofauti kabisa, na kisa chetu kinagota hapo.

Swali la kwanza ni kiasi cha deni. Mwanzoni mwa 1997 gramu ya dhahabu ilikuwa chini ya rupia 30,000, kwa hiyo gramu 50 hazikufika rupia milioni 1.5. Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa Asia, na rupia, iliyokuwa takriban 2,400 kwa dola katikati ya 1997, ikaanguka hadi kupita 14,000 katikati ya mwaka uliofuata. Kufikia Aprili 2024 gramu moja ilikuwa imepita rupia milioni 1.2, na gramu 50 zimekuwa zaidi ya rupia milioni 60. Mtu akitazama rupia ataona familia inalipishwa zaidi ya mara 40. Akitazama dhahabu ataona inalipa kilekile ilichopokea. Watu wa kijijini hutazama dhahabu, na wana haki: rehani ya mas huwalinda watu waliokwisha kuona fedha za serikali zikipoteza thamani.

Sheria ya nchi, hata hivyo, ina jibu lake. Kanuni namba 56 ya mwaka 1960, katika kifungu cha 7, inaagiza kwamba shamba la kilimo lililokaa rehani miaka 7 au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo yoyote, ndani ya mwezi mmoja baada ya mazao yaliyomo kuvunwa. Muda ukiwa haujafika, kuna hesabu maalumu: miaka saba na nusu, ukitoa miaka iliyopita, ugawe kwa saba, kisha uzidishe kwa fedha ya rehani. Kwa hesabu hiyo, aliyeweka rehani miaka mitatu iliyopita analipa 4.5 kwa 7 ya deni. Shamba letu limepita miaka 27, na kwa hiyo kisheria halidaiwi kitu. Mantiki ya waliotunga kanuni hii inaeleweka, kwani mshika rehani amekwisha kujilipa kwa mavuno misimu mingi, na wanazuoni wa fiqhi nao wanaweza kuongeza kwamba kunufaika na kitu cha rehani kunanuka riba.

Mpwa aliyesoma kidogo angeweza kwenda Mahakama ya Wilaya na kanuni hii mkononi na akawa na hoja nzito. Katika familia hii wazo hilo lilitajwa na mume wa mmoja wa mabinti, na Mjomba akalikataa papo hapo. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa si kwa sababu ya adabu tu. Kanuni ya 1960 ilikuwa sehemu ya mageuzi ya ardhi yaliyomwona mshika rehani kama tajiri anayemnyonya mkulima. Hapa mshika rehani ni mjane wa yule jirani, mkulima mwenyewe, ambaye majaruba hayo mawili ndiyo yanayomlisha. Tajiri katika kisa hiki ni mwenye shamba anayetoka Jakarta. Tena kijiji kikishaona kwamba ukoo umechukua shamba kwa nguvu ya kifungu cha 7, hakuna atakayeukopesha dhahabu siku nyumba itakapovuja tena, na rehani ndiyo njia pekee waliyonayo ya kupata fedha kubwa bila kuuza ardhi. Kinachofaa ni makubaliano: dhahabu irudi, pengine kwa punguzo ambalo mjane mwenyewe ataliridhia kwa kuwa amevuna muda mrefu, na apewe msimu mmoja zaidi.

Swali la pili ndilo zito. Kijana akitoa dhahabu, shamba linarudi kwa nani? Yako majibu mawili. Kwa jibu la kwanza, fedha yake ni zawadi kwa ukoo, shamba linarudi kama lilivyokuwa kabla ya 1997, na wenye kulima ni wanawake wa nyumba, kwa mgawo wa Mjomba na dada zake. Kwa jibu la pili, yeye amesimama mahali pa jirani: sasa yeye ndiye mshika rehani, analitumia shamba mpaka wenzake warudishe mafungu yao. Majibu yote mawili yanakubalika katika mila. Hatari iko katika kutochagua. Kijana alisema “nilikomboe” na kila mtu akasikia alichopenda kusikia: mama yake mdogo alisikia zawadi, dada yake wa tumbo moja alisikia jaruba la watoto wake, na mke wake Mjava, ambaye kwao Java ardhi hugawiwa watoto wote, bila shaka alisikia kwamba mumewe ananunua shamba.

Naye mke huyo si wa kupuuzwa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1974, mali iliyochumwa wakati wa ndoa ni ya mume na mke kwa pamoja. Rupia milioni 60 za Tanah Abang ni zake pia. Tuseme mume amefariki miaka kumi baadaye na hakuna kilichoandikwa. Watoto wake, ambao kwa mila ya baba yao hawana haki katika ardhi ile na kwa mila ya mama yao hawana ukoo wa Kiminangkabau kabisa, watasema baba alilinunua shamba kwa fedha yetu, kwa hiyo ni mali ya kuchuma na igawanywe kwa mafungu. Wapwa watasema ni mali ya kale ya ukoo. Mmoja atakwenda Mahakama ya Dini kwa suala la mirathi, mwingine Mahakama ya Wilaya kwa suala la umiliki, na ile karatasi yenye dole gumba haitasema lolote juu ya mwaka 2024.

Hati ya ardhi ndiyo inayoigeuza hatari hii kuwa jambo la haraka. Tangu 2017 serikali ya Indonesia inaendesha mpango wa kusajili viwanja vyote vya nchi, na ni mpango wenye faida, hasa mahali ambapo mipaka inategemea kumbukumbu za wazee. Mali ya ukoo inaweza kusajiliwa, kwa masharti ya kawaida: uandaliwe mchoro wa nasaba unaoitwa ranji, unaoonyesha wote waliotoka katika tumbo hilo, wote watie sahihi, msimamizi wa mali athibitishe, na baraza la mila la nagari, yaani kijiji cha Kiminangkabau, lijue. Hati huweza kutoka kwa jina la msimamizi au kwa majina kadhaa. Udhaifu uko hapo. Hati inayosomeka kwa jina la Mjomba, siku Mjomba akifa, ni karatasi ambayo watoto wake, wasio wa ukoo, wataikuta kabatini. Hati inayosomeka kwa jina la aliyekomboa ni mbaya zaidi, kwa kuwa benki itaipokea kama dhamana bila kuuliza habari za bibi yeyote.

Kisha ipo kazi ya kukusanya sahihi. Mchoro wa nasaba wa familia hii una watu katika Agam, Jakarta, Pekanbaru, Batam na Seremban. Walikubaliana wakutane tena mwezi Mei. Tarehe 11 Mei 2024 mvua kubwa ilishusha matope na mawe ya volkano kutoka Marapi, mlima uliokuwa umelipuka Desemba 2023 na kuua wapandaji 24. Mafuriko hayo yaliua watu zaidi ya 60 katika wilaya kadhaa na kuikata barabara kuu ya Padang kwenda Bukittinggi katika bonde la Anai, ambayo haikufunguliwa tena hadi Julai. Aliyetua uwanja wa ndege karibu na Padang alilazimika kuzunguka, kwa mfano kupitia kona kali za Sitinjau Lauik na mji wa Solok, pamoja na malori yote ya mkoa. Kijana hakuja. Alipendekeza mkutano wa simu na kwamba atume fedha kwa benki siku hiyohiyo.

Mjomba alikataa fedha zisitumwe kabla ya maneno kuandikwa, na hapo baadhi ya jamaa walimlaumu kwamba anachelewesha neema. Mimi namtetea. Fedha ikishatangulia, anayebaki kijijini hana tena nafasi ya kujadili. Mama mdogo anayefagia nyumba ile kila siku, aliyemuuguza bibi na anayepika kila Idi kwa wote wanaorudi, hana rupia milioni 60 za kuweka mezani, na mchango wake hauonekani katika risiti yoyote. Msafiri ana fedha, mkaaji ana miaka, na utaratibu wa ukoo ulitungwa ili vyote viwili vihesabiwe.

Kwa kisa hiki, basi, ningeshauri mpangilio ufuatao. Kwanza liandikwe tamko kwamba shamba ni mali ya kale ya ukoo, lilikuwa rehani kwa gramu 50, na linakombolewa kwa ajili ya ukoo. Katika tamko hilo kijana achague wazi mojawapo ya mambo mawili: aidha anatoa zawadi, au anakuwa mshika rehani kwa gramu zilezile, bila muda wa kugeuka mmiliki, na kwamba akifa watoto wake watarithi dai la dhahabu, si ardhi. Akichagua la pili, ukoo umlipe kidogo kidogo kutokana na mavuno, kwa kipimo cha dhahabu. Mke wake asome na atie sahihi, kwa lugha anayoielewa vizuri, na Mjomba amweleze yeye mwenyewe badala ya kumwachia mumewe. Hati isubiri mpaka mchoro wa nasaba ukamilike, na itakapoombwa, majina yawekwe ya matumbo yote matatu pamoja na la Mjomba, akitajwa kama msimamizi.

Mjane wa jirani naye awepo siku ya kutia sahihi. Mpunga aliopanda Juni utakuwa tayari kuvunwa kabla ya Novemba. Avune, alipwe dhahabu yake mbele ya mashahidi, karatasi ya 1997 irudishwe mkononi mwa binti wa nyumba, na majaruba yaingie kwa mama mdogo katika msimu wa mvua unaofuata, kwa kuwa katika matumbo matatu ni tumbo lake pekee lililobaki na mikono ya kulima pale kijijini.